Peugeot 504 ya marehemu baba: stata inazunguka, injini haishiki

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1979, ya petroli, yenye kabureta. Nakaa Kigamboni, si mbali na bahari. Mwezi wa pili gari lilianza kuzimika lenyewe likishapata joto, hasa kwenye foleni ya pantoni. Nikisubiri kama nusu saa linawaka tena, kama halikuwa na tatizo. Mvua za masika zilipoanza nikaliegesha chini ya mwembe, likakaa wiki kama sita. Niliporudi kuliwasha, stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki kabisa. Fundi wa kwanza alibadilisha betri na plagi zote nne, kimya. Wa pili aliosha kabureta, akachomoa waya za plagi akazisafisha na kuzirudisha. Tangu siku hiyo nikipiga stata inalipuka kwenye kabureta kama baruti, lakini haiwaki. Sasa ananiambia injini imechoka, nitafute ya Toyota aifunge. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Barua nyingi ninazopata husema tu "gari haliwaki, nifanyeje?" Wewe umenipa mambo kwa mfuatano wake: kilichotokea mwezi wa pili, kilichotokea baada ya masika, na kilichotokea baada ya fundi wa pili kuondoka. Mfuatano huo ndio unaonifanya niamini kwamba gari lako halina ugonjwa mmoja. Lina matatu, yamepandana. La kwanza ni lile la kuzimika likipata joto. La pili limeingia wakati gari limelala chini ya mwembe. La tatu, uniwie radhi, limeletwa na spana. Mafundi wako wote wawili walikuwa wanatafuta ugonjwa mmoja wa kumaliza kila kitu, ndiyo maana kila walichogusa hakikusaidia. Hata kama mmoja wao angegusa penye tatizo, yale mengine mawili yangemficha.

Kwa hiyo tutarudi kinyumenyume. Tunaanza na ugonjwa wa mwisho, tunauondoa, halafu tunashuka chini yake.

Mlipuko kwenye kabureta una maana moja kubwa: kuna mafuta na kuna moto, lakini moto unafika wakati valvu ya kuingizia hewa bado iko wazi, kwa hiyo unarudi ulikotoka hewa. Shangilia kidogo hapo, maana kumbe moto upo, angalau mara mojamoja. Sasa kwa nini unafika wakati si wake? Kwa sababu waya za plagi zilichomolewa na kurudishwa na mtu ambaye, nadhani, amezoea Toyota.

Kwenye Toyota na gari nyingi tunazozijua hapa mjini, silinda namba moja ni ile ya mbele, karibu na feni. Kwenye Peugeot hii Wafaransa walianza kuhesabu nyuma: namba moja ni ile iliyo upande wa flaiwili, karibu na ukuta wa dashibodi. Mpangilio wa kuwasha ni 1-3-4-2. Fundi akishika kitabu au akisikia kwa mwenzake kwamba waya wa namba moja unakaa hapa kwenye kifuniko cha distributa (kile kinachogawa moto kwa plagi), halafu akaupeleka kwenye silinda ya mbele na kufuatisha nyingine, zote nne zitakaa kwa utaratibu mzuri kabisa, ila zimegeuka nusu mzunguko. Kila plagi itapiga moto silinda ikiwa inamalizia kutoa moshi badala ya kubana. Ukiziangalia kwa macho huoni kosa, zimepangika.

Njia ya mkato ya kujaribu: weka alama kwa rangi au utepe kwenye kila waya ujue zilivyo sasa, halafu pale kwenye kifuniko badilishana zile zinazotazamana. Iliyopo juu iende chini, ya kulia iende kushoto. Piga stata. Kama mlipuko wa kabureta umekoma, umeshajua. Kama umebaki, inawezekana alichanganya mbili tu, na hapo lazima upange upya kwa njia ndefu.

Njia ndefu si ngumu. Toa plagi ya silinda ya nyuma kabisa. Utaona plagi za injini hii zimezama kwenye mashimo marefu, kwa hiyo usijaribu kuziba kwa kidole gumba kama kwenye gari nyingine, hakifiki. Swichi ikiwa imezimwa, weka gia ya nne, mwambie mdogo wako alisukume gari polepole mbele huku wewe umeinamisha sikio. Injini inapozunguka utasikia shimo linapumua hewa kwa nguvu: silinda hiyo inabana. Simamisha hapo hapo hewa inapokata. Fungua kifuniko cha distributa, tazama rota, kile kidole kinachozunguka ndani, imeelekea mguu gani, yaani tundu la waya upi. Mguu huo ni wa silinda ya nyuma, namba moja. Kisha rudisha gia huru, mtu apige stata kidogo, uone rota inazunguka upande upi, na ufuatishe upande huo huo: 1, 3, 4, 2. Hatuhitaji usahihi wa kipimo hapa, kwa sababu miguu ya kifuniko iko mbalimbali kwa nyuzi 90. Ukikosea kidogo rota bado itakuwa imeelekea mguu wake.

Ukiwa umeinama hapo, chungulia mashimo ya plagi kwa tochi. Mpira unaoziba juu ya mashimo hayo ukizeeka, maji ya mvua na oili hukaa mle ndani na moto hukimbilia pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Kausha kwa tambara lililofungwa kwenye kijiti, au upulizie hewa ya kompresa.

Sasa ugonjwa wa pili, na hapa nitakaa, kwa sababu ndio unaoua magari mengi ya zamani katika mji huu bila hata kosa la mtu.

Ndani ya distributa, chini ya rota, kuna pointi: vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri unapita ndani ya koili (kile kinachokuza umeme kuwa moto wa plagi) na kurudi kwenye bodi kupitia pointi hizo, na koili inajaa sumaku. Vikiachana, umeme unakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na ile nguvu yake inageuka kuwa moto wa maelfu ya volti unaokwenda kwenye plagi. Kazi nzima ya kuwasha injini inategemea vile vichuma viguse vizuri na viachane vizuri. Nafasi yao vikiachana ni ndogo sana, takriban nusu milimita au pungufu. Kwa 504 zenye pointi mimi huweka 0.4 mm kwa fila geji, vile vibapa vya kupimia nafasi.

Gari likitembea kila siku, pointi zinajisafisha zenyewe kwa kugongana. Likilala, hasa mahali kama Kigamboni, Msasani au Kunduchi ambako upepo unabeba chumvi, na hasa wakati wa masika ambapo hata chumvi ya jikoni inalowa ndani ya kopo, uso wa vichuma unapata utando mwembamba. Huuoni. Unafanana na chuma safi. Lakini volti 12 haziwezi kuupita. Vichuma vinagusana na umeme haupiti, koili haijai, plagi hazipati kitu. Stata inazunguka vizuri kwa sababu njia yake ya umeme ni nyingine kabisa. Mwenye gari anasema betri nzima, petroli nimeweka mpya, jana lilikuwa zima. Kweli, jana lilikuwa zima.

Usiniamini mimi, liulize gari. Nunua testa ya taa, ile yenye ncha ya chuma, balbu ya volti 12 na waya wenye kibanio. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi umeme wa magari asiye nacho mimi simruhusu afungue boneti yangu. Bana kibanio kwenye chuma safi cha injini. Koili ina terminali mbili ndogo pembeni: moja inaleta umeme kutoka kwenye swichi, nyingine inakwenda kwenye distributa. Gusa ile inayokwenda kwenye distributa, washa swichi, mtu apige stata, na utazame taa.

Ikikonyeza, inawaka na kuzima kwa kufuatana, pointi zinafanya kazi. Nenda mbele, tatizo liko kwenye koili, kifuniko, rota au waya.

Ikiwaka moja kwa moja bila kukonyeza, umeme umepita koili na umefika mlangoni, lakini pointi hazifungi mlango huo hata mara moja. Ni ule utando, au nafasi imekuwa kubwa mno, au ule uzi mdogo nitakaoueleza baadaye umekatika. Kwa barua yako, hii ndiyo ninayoitarajia, labda na kukonyeza kwa kubahatisha mara mojamoja, ambako ndiko kunakokupa zile baruti.

Isipowaka kabisa, gusa terminali nyingine, ile ya kutoka kwenye swichi. Nayo giza? Basi umeme haufiki koili: fyuzi, waya, swichi ya ufunguo, au kitu kimoja ambacho nitakuuliza hapa chini. Kama huku inawaka na kule haiwaki, chomoa waya unaokwenda distributa na ugusie terminali tupu. Taa ikiwaka sasa, kuna kitu upande wa distributa kinachogusa bodi muda wote, mara nyingi kondensa (kikopo kidogo kilichofungwa kwenye distributa) iliyokufa au waya uliochunika. Isipowaka, koili imekatika ndani.

Dawa ya utando ni msasa laini kabisa, kipande kidogo kama kiberiti. Pitisha kati ya pointi mara tatu nne, kisha pitisha karatasi safi nyeupe iliyochovywa spiriti mpaka itoke bila weusi. Watu wengi wanasahau karatasi. Vumbi la msasa likibaki, umeondoa utando mmoja na kuweka mwingine. Pima nafasi, rudisha rota, futa kifuniko ndani na nje, tazama kama kina mstari mwembamba mweusi kama nywele kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Huo si uchafu, ni njia ambayo moto umeichoma, na kifuniko hicho hakifai tena hata ukikisugua vipi.

Na tahadhari: usiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imesimama. Kama pointi zimesimama zikiwa zimegusana, koili inapitisha umeme mfululizo na kuchemka. Nimekuta koili imevimba kwa sababu kijana aliacha swichi wazi akisikiliza mpira redioni.

Nikwambie ule uzi. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, gereji ikiwa chini ya mti huko Ilala, aliniletea mzee mmoja Datsun yake, inawaka na kuzima bila mpangilio. Nilishusha kabureta mara mbili. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Siku ya tatu, nimekata tamaa, nikagusa kwa bisibisi ule waya mfupi ulio ndani ya distributa, unaotoka kwenye terminali ya pembeni hadi kwenye pointi. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa nzima kabisa, nyaya za ndani zilikuwa zimekatika. Sahani ya pointi hujigeuza kidogo injini inapovuta hewa, na kila ikijigeuza waya unapinda, miaka 20 unapinda. Ukivuta unanyooka kama mpira wa manati, maana ndani hamna kitu. Mzee alinilipa kazi ya siku tatu kwa tatizo la sentimita nane za waya, na sijawahi kulisahau jicho alilonitazamia. Kwa hiyo uvute taratibu na huo wa kwako.

Swali nililoahidi: je, mzee alikuwa na swichi ya siri? Wazee wetu wa Dar walikuwa wanafunga kata-moto chini ya dashibodi, nyuma ya kisanduku cha glavu, au chini ya kiti, ili mwizi apige stata mpaka betri iishe. Mara nyingi imekatwa kwenye waya unaoleta umeme koili, na swichi zenyewe zilikuwa za redio au za taa, hazikutengenezwa kwa chumvi. Muulize mama. Muulize na aliyekuwa akimwendesha mzee, kama alikuwepo. Kisha ufuate kwa mkono waya unaofika koili, uone kama njiani kuna muunganisho wa utepe ambao haufanani na kazi ya kiwandani.

Tuseme umepanga waya, umesafisha pointi, taa inakonyeza. Kabla hujapiga stata tena, hakikisha moto kwenye plagi yenyewe. Chukua plagi nje, uivike waya wake, uiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta na mbali na shimo lililo wazi, uifunge kwa waya isianguke, usiishike kwa mkono. Unataka moto wa buluu unaolia tap-tap. Wa manjano au mwekundu mwembamba ni dhaifu. Hewani utauona, lakini ndani ya silinda ambako hewa imebanwa hautaruka. Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika: "moto upo, tatizo mafuta." Upo, lakini wa kibiriti kilicholowa.

Betri nayo usiisahau kwa kuwa ni mpya. Kwa stata ulizopiga, itakuwa imeshuka. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Stata ikizunguka, betri nzuri isishuke chini ya volti 9.6 au 10. Ikishuka sana, stata bado inazunguka lakini koili inabaki na makombo. Ishara yake ni hii: gari linakataa kwa stata lakini linakubali likisukumwa. Piga sekunde kumi, pumzisha dakika nzima, stata nayo inachoma.

Kuhusu mafuta sitasema mengi, kwa kuwa mlipuko umekwisha kunithibitishia kwamba yanafika. Gari lililolala wiki sita kwa joto letu, petroli ya kwenye bakuli la kabureta huwa imekauka, na pampu ya injini hii inasukumwa na injini yenyewe, kwa hiyo inahitaji kuzungushwa kidogo kabla ya kujaza. Kama una wasiwasi, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage mafuta mara moja. Ukiona mchirizi mwembamba unaruka, bakuli lina petroli. Usipouona, chomoa mpira unaoingia kabureta, uingize kwenye chupa, piga stata: petroli itoke kwa mapigo. Isipotoka, tazama mipira ya zamani iliyopasuka karibu na tenki, inavuta hewa badala ya mafuta. Basi. Lakini tafadhali, kwa gari linalolipuka kwenye kabureta usithubutu kumwaga petroli kooni kwa kifuniko cha soda kama wanavyofanya barabarani. Nimeona nyusi zikiungua, na nimeona gari likiungua lote. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu, na kifuniko cha filta kirudi mahali pake kabla ya stata.

Gari likishika, na nadhani litashika, usifikiri tumemaliza. Utakuwa umefika kwenye ugonjwa wa kwanza, ule wa foleni ya pantoni.

Gari linalozimika likipata joto na kurudi likipoa lina washukiwa wawili wakuu. Mmoja ni umeme: koili au kondensa. Ndani ya koili kuna waya mwembamba mrefu umezungushwa mara nyingi sana, na kinachoutenganisha mzunguko mmoja na mwingine kikichoka, moto unavuja humo humo ndani joto likipanda. Kikipoa kinajibana tena na kufanya kazi. Kondensa nayo, kile kikopo kidogo kilichofungwa kwa skrubu moja kwenye distributa, hufanya hivyo hivyo. Mshukiwa wa pili ni petroli inayochemka kwenye mpira au kwenye pampu gari likisimama foleni bila upepo, ikageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke.

Kuwatofautisha ni kazi ya dakika moja, ila lazima ifanyike pale pale gari linapozimika, si baada ya kupoa. Kwa hiyo tembea na testa na plagi moja ya zamani kwenye buti. Likizimika, fungua boneti, jaribu moto kwenye plagi. Moto wa buluu upo? Ni mafuta: weka tambara lililolowa kwenye pampu na mpira, na baadaye hamisha ule mpira usipite karibu na eksozi. Moto hakuna au ni mwekundu? Weka hilo hilo tambara kwenye koili, si kwenye distributa, subiri dakika tano, bila kugusa kingine. Likiwaka, koili imejitaja. Lisipowaka, badilisha kondensa kwanza, ndiyo rahisi.

Mimi, kama ni kuweka dau, naweka kwenye kondensa. Sina sababu ya kitaalamu zaidi ya kwamba kondensa mpya zinazouzwa siku hizi zinakufa haraka, na nimeacha kushangaa kuona ya mwaka jana imekufa na ile ya kiwandani ya miaka ya sabini inafanya kazi. Ukimkuta mzee alihifadhi pointi na kondensa kuukuu kwenye kopo la maziwa huko stoo, usitupe. Na pointi zako ukizifungua, zitazame: upande mmoja ukiwa na kichuguu na mwingine shimo, kondensa ndiyo imezichora hivyo.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua koili, usiseme tu "nipe koili ya volti 12". Kuna aina mbili zinazofanana sura. Moja inafungwa moja kwa moja, upinzani wake kati ya terminali mbili ndogo ni kama omu 3. Nyingine ni ya omu 1.5 hivi, inahitaji kizuizi cha nje, kile kipande cheupe cha kauri chenye waya. Ukifunga hii ya pili bila kizuizi, gari litawaka vizuri ajabu kwa wiki moja, moto mkali, utamsifu aliyekuuzia, kisha pointi zitaungua na koili itachemka, na utarudi foleni ya pantoni ukisukumwa na wauza korosho. Nenda na mita ya umeme, upime dukani, na uchukue koili ya zamani mkononi ulinganishe.

Sasa injini ya Toyota.

Fundi amesema imechoka. Amepima nini? Injini ikichoka haisubiri uiegeshe chini ya mwembe ndipo ichoke. Huanza kwa kunywa oili, kutoa moshi wa buluu asubuhi, kupoteza nguvu mlima wa Kimara, kuwaka kwa shida mwezi baada ya mwezi. Yako mwezi wa pili ilikuwa inawaka vizuri ikiwa baridi. Mwambie alete geji ya kompresheni, apime silinda zote nne plagi zikiwa nje na akanyage mafuta mpaka mwisho, akuandikie namba nne kwenye karatasi. Zikikaribiana, hana hoja. Ikiwa moja imeanguka sana, tuzungumze, na hata hapo inaweza kuwa valvu moja iliyoshika kutu kwa kulala, si injini nzima. Wakati huo huo atazame kama rota inazunguka stata ikipigwa. Isipozunguka, cheni ya taimingi au gia ya distributa ndiyo ya kuulizwa.

Ukoo wa injini hii si wa kudharauliwa. Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1966 na akarudia 1967 akiwa na Peugeot 404, na injini ya 504 yako ilitokana na ile. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda mbio hizo hizo kwa 504. Matope ya njia zile hayakuwa madogo kuliko ya Kigamboni.

Na ukishafunga ya Toyota, namba ya injini iliyopo kwenye kadi ya gari haitalingana tena na iliyomo ndani, itakubidi uanze kuzunguka ofisi kuibadilisha. Utachonga viti vya injini, utabadilisha giaboksi au utengeneze sahani ya kuunganisha, waya zote zitapangwa upya. Nimeyafungua magari ya namna hiyo: kila moja lina michoro ya umeme iliyomo kichwani mwa fundi mmoja tu, na fundi huyo amehamia Tunduma.

Fundi huyo usimfukuze, lakini. Kuosha kabureta aliiosha vizuri, maana petroli inafika. Mwite aje asimame nawe mnapopanga waya, umuonyeshe kwamba namba moja iko nyuma.

Ukikwama, niandikie vitu vitatu: taa ya testa ilifanya nini kwenye kila terminali ya koili, rangi ya moto kwenye plagi, na plagi zilipotoka baada ya stata zilikuwa kavu au zimelowa. Usiniandikie ulichonunua.